Herufi Nne Juu ya Kasha: Nani Hasa Anauza Soka la Kwenye Gemu?

Mei 2022, kampuni ya Electronic Arts, ambayo wapenzi wa gemu wanaiita EA tu, na Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, zilitangaza kwamba ushirikiano wao wa karibu miaka 30 umefika mwisho. Gemu ya kwanza yenye jina la FIFA ilitoka Desemba 1993. Kufikia wakati wa kuachana, mfululizo huo ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 325, na kijana wa Kariakoo au Eastleigh aliposema "twende tukapige FIFA" hakuna aliyefikiria ofisi za shirikisho kule Zurich. Oktoba 2021 gazeti la New York Times liliripoti kwamba shirikisho lilitaka zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila kipindi cha miaka minne, takriban mara mbili ya lilichokuwa likilipwa. EA ilikataa. Inasemekana bosi wake, Andrew Wilson, aliwaambia wafanyakazi kwamba katika mwaka wa kawaida kitu pekee wanachopata kutoka FIFA ni herufi nne zinazoandikwa juu ya kasha la gemu. Septemba 2023 kasha likatoka bila herufi hizo, likiitwa EA Sports FC 24. Ndani yake Ligi Kuu ya England ilikuwepo, Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ilikuwepo, na mshambuliaji Erling Haaland alikuwa pale juu ya jalada. Ndani ya wiki nne za mwanzo kampuni ilihesabu akaunti milioni 14.5 zinazocheza.

Kwa hiyo taasisi yenye jina kubwa kuliko zote katika mchezo huu ilikwenda sokoni na kurudi na bidhaa yake mkononi. Tukio hilo halieleweki mpaka mtu aache kuifikiria leseni rasmi kama muhuri wa heshima anaopewa aliye mkubwa. Leseni katika gemu za soka ni biashara ya haki, na haki hununuliwa kwa yule aliyezikusanya, akazifunga pamoja na anayeweza kuzikabidhi kwa sahihi moja. Ukubwa wa jina, ubora wa soka, hata idadi ya mashabiki, vyote vinakuja baada ya hapo. Wenye mpangilio wamo ndani ya gemu. Wasio na mpangilio wanabaki nje, hata wakiwa mabingwa wa dunia mara tano kama Brazil.

Tuanze na kinachouzwa. Mechi moja ya gemu, tuseme Juventus dhidi ya Milan, ni kama shamba la urithi lenye warithi wengi: mnunuzi hawezi kulima mpaka kila mmoja awe ametia sahihi. Jina la ligi, kombe lake na mapambo ya matangazo yake ni mali ya ligi. Nembo na jezi ni mali ya klabu, na mara nyingine klabu huziuza peke yake bila kuihusisha ligi. Uwanja unaweza kuwa na mwenyewe mwingine kabisa. Majina na sura za wachezaji zina njia yao, ambayo kwa kawaida hupitia FIFPRO, shirikisho la kimataifa la vyama vya wachezaji. Ndiyo maana EA inajivunia kwamba gemu yake imesimama juu ya mikataba zaidi ya 300, ikiwa na wachezaji zaidi ya 19,000, timu zaidi ya 700 na ligi zaidi ya 30. FIFA ilikuwa mrithi mmoja tu kati ya hao wote.

Utengano wa haki hizi ndio unaozaa vituko ambavyo mashabiki wamezoea kuvicheka. Katika Pro Evolution Soccer ya Konami, gemu ambayo kizazi kizima kilikulia nayo kwenye PlayStation 2, Manchester United iliitwa Man Red, Arsenal ikawa North London, na Liverpool ikawa Merseyside Red, ilhali wachezaji waliokuwa ndani ya jezi hizo bandia walikuwa na majina yao halisi. Baadaye kibao kiligeuka. Mwaka 2019 Konami iliingia mkataba wa kipekee na Juventus, na kwenye FIFA 20 klabu hiyo ikageuka kuwa Piemonte Calcio, yenye nembo isiyojulikana na jezi isiyovaliwa popote duniani. Cristiano Ronaldo, ambaye sura yake ilikuwa imepamba jalada la FIFA 18 na FIFA 19, alibaki na jina lake, uso wake na mbio zake. Klabu yake ndiyo iliyopotea. Katika EA Sports FC 25, Inter na Milan ziliitwa Lombardia FC na Milano FC. Hata gemu ya kusimamia timu, ambayo mtu hachezi mpira mwenyewe, haikupona: Manchester United iliwashtaki watengenezaji wa Football Manager mwaka 2020 kwa kutumia jina lake, na kuanzia toleo la 2022 klabu hiyo ikaandikwa Man UFC.

Upande wa wachezaji ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu hapo mgongano kati ya haki ya mtu na haki ya kundi uko wazi. Kipa wa Ujerumani, Oliver Kahn, aliishtaki EA kwa kumweka kwenye gemu ya Kombe la Dunia la 2002 bila idhini yake, na mahakama ya Hamburg ikampa ushindi. Novemba 2020 Zlatan Ibrahimović aliuliza hadharani ni nani aliyeipa EA ruhusa ya kutumia jina na uso wake, na Gareth Bale akamuunga mkono. Jibu la EA lilikuwa kwamba ruhusa ilipatikana kwa njia halali, kupitia vyama na vilabu. Malalamiko ya Zlatan yana uzito: mtu anaweza kujikuta ameuzwa na chama asichokumbuka kukipa kalamu. Lakini tazama Brazil, mahali ambapo hali anayoitamani ndiyo sheria. Kule haki ya taswira ni ya mchezaji mmoja mmoja, na hakuna chama kinachoweza kuwauza wote kwa pamoja. Matokeo yake ni kesi zisizokwisha. FIFA 15 ilitoka bila klabu hata moja ya Brazil. Zilipoanza kurudi matoleo ya baadaye, ndani ya jezi halisi za klabu maarufu walikuwamo watu wa kubuni wenye majina ambayo hakuna shabiki wa Flamengo aliyewahi kuyasikia. Football Manager yenyewe kwa miaka kadhaa haikuuzwa kabisa nchini humo. Nchi iliyoupa ulimwengu Pelé, Garrincha na Ronaldo iliwakilishwa na mizimu. Wachezaji wake walikuwa na haki zao kamili, kila mmoja na yake mfukoni, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyeweza kuzinunua kwa wingi unaotakiwa.

Sasa turudi kwa FIFA. Shirikisho linamiliki Kombe la Dunia, na Kombe la Dunia ni mwezi mmoja katika miaka minne. Gemu ya leo haiishi kwa mwezi mmoja. Tangu 2009 EA imekuwa na Ultimate Team, aina ya mchezo ambamo mtu hujenga kikosi kwa kadi za wachezaji, na kadi hizo hupatikana kwa kucheza sana au kwa kulipa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Ultimate Team ya gemu zake zote za michezo iliiingizia kampuni takriban dola bilioni 1.6, sehemu kubwa ikitoka kwenye soka. Ubelgiji ilikuwa tayari imeona harufu ya kamari humo na kulazimisha uuzaji wa pointi za kununulia pakiti usimamishwe nchini mwake mwanzoni mwa 2019, na kwa maoni yangu nchi nyingine zimechelewa. Lakini kwa hoja yetu kinachohusika ni chanzo cha thamani ya kadi. Mshambuliaji akifunga mabao matatu Jumamosi, Jumatano inayofuata kadi yake maalumu iko sokoni. Anayezalisha mabao ya kila Jumamosi ni ligi, na FIFA haina ligi. Ndiyo maana Sky News iliripoti mwaka 2023 kwamba EA ilikubali kuilipa Ligi Kuu ya England karibu pauni milioni 500 kwa miaka sita, na ndiyo maana msimu wa 2023/24 ligi ya Hispania ilianza kuitwa rasmi LaLiga EA Sports. Zamani kampuni ya gemu ililipa ili itumie jina la shirikisho; safari hii ligi nzima imebandikwa jina la kampuni ya gemu.

Kuna atakayesema kwamba jina la FIFA lilikuwa na thamani kuliko ninavyokiri, na atataja Januari 2025, EA ilipolazimika kushusha makadirio yake ya mapato na kueleza kwamba soka ndilo lililofanya vibaya. Hoja hiyo inavunjwa na kalenda. Toleo lililotoka mara tu baada ya jina kuondoka, ambalo ndilo lingepaswa kuumia, lilifanya vizuri. Lililoyumba ni la mwaka wa pili, mashabiki wakiwa wamekwisha kulizoea jina jipya. Sababu ya kuyumba itafutwe kwenye ubora wa gemu na uchovu wa wanunuzi. FIFA yenyewe, iliyokuwa imeahidi kupitia rais wake Gianni Infantino kwamba gemu halisi ni ile yenye jina lake, ilitafuta mshirika kwa muda mrefu. Desemba 2024 mashindano yake ya soka la kielektroniki yalifanyika Riyadh kwa kutumia eFootball ya Konami, yaani walewale waliotuletea Man Red.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema leseni ni pambo tu, na kwamba mchezo wenyewe ndio unaoamua. Ushahidi wao ni mzuri. Miaka ya katikati ya 2000, Pro Evolution Soccer ilipendwa na wajuzi kuliko FIFA ingawa ilikuwa maskini wa majina. Mpira wake ulikuwa na uzito, pasi zilikuwa na akili, na mashabiki walijaza wenyewe mafaili ya majina na jezi walizokosa. Ni kweli, lakini ni kweli ya wakati ambapo gemu ilinunuliwa mara moja na kuchezwa nyumbani na ndugu au jirani. Kikosi cha Ultimate Team hakiwezi kujengwa kwa majina ya kubuni, kwa sababu mtu halipii kadi ya Roberto Larcos, jina ambalo Konami ilimpa Roberto Carlos katika gemu zake za zamani. Biashara ilipohama kutoka kuuza mchezo kwenda kuuza wachezaji, leseni iliacha kuwa pambo. Konami ilikuwa na haki za Ligi ya Mabingwa kuanzia toleo lake la 2009 hadi la 2018. Zilipohamia EA kwenye FIFA 19, upande mmoja ulibaki na klabu chache za kipekee na upande mwingine ukawa na karibu kila kitu. Konami ikaamua kutoa gemu ya bure, na eFootball ilipozinduliwa Septemba 2021 ikiwa na nyuso zilizopinda na mpira usioeleweka, ilishika nafasi ya mwisho kabisa katika maoni ya watumiaji wa duka la Steam. Nisiseme kwamba leseni ndizo zilizoua ufundi wa Konami. Ila mshindani anayepoteza haki hupoteza wanunuzi, na akipoteza wanunuzi hupoteza fedha za kurekebisha makosa.

Hapo ndipo mikataba ya kipekee inapostahili lawama. Wanaoitetea husema ligi inayouza kwa mmoja hulipwa zaidi, na fedha hizo hurudi kwenye soka. Hesabu hiyo haimhusishi mnunuzi. Marekani walijaribu mapema: Desemba 2004 EA ilinunua haki za kipekee za ligi ya soka la Kimarekani, NFL, muda mfupi baada ya mshindani wake kutoa gemu nzuri kwa chini ya dola 20. Mshindani akatoka sokoni, na miaka minane baadaye EA ikakubali kulipa dola milioni 27 kumaliza kesi ya wanunuzi waliodai kwamba waliumizwa na ukiritimba wa gemu za michezo. Ligi ina haki ya kuuza jina lake. Kuuza pamoja nalo haki ya mtu mwingine asilinunue ni jambo jingine, na mamlaka za ushindani wa kibiashara barani Ulaya, ambazo kwa miaka mingi zimeshughulikia haki za televisheni za ligi hizohizo, zingefaa kulitazama.

Kwetu swali lina sura tofauti kidogo, kwa kuwa hatujafika kwenye ugomvi wa nani auziwe, bado hatujauza. Katika ligi zilizomo kwenye EA Sports FC 24 hakuna hata moja ya Afrika. Kwa matoleo kadhaa ya nyuma Kaizer Chiefs na Orlando Pirates za Afrika Kusini zilikuwamo, zikiwa zimetupwa kwenye kapu la timu za kwingineko duniani, bila ligi yao. Mchezaji wa Afrika Mashariki huingia kwenye gemu kwa mgongo wa ligi ya watu wengine. Mtanzania Mbwana Samatta alionekana kwa sababu alikuwa Genk, kisha Aston Villa. Mkenya Michael Olunga alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japan mwaka 2020 kwa mabao 28, akachaguliwa pia mchezaji bora wa msimu, na alikuwamo kwenye FIFA kwa kuwa ligi hiyo ilikuwa na leseni. Mwanzoni mwa 2021 akahamia Al-Duhail ya Qatar, ligi ambayo EA haikuwa nayo, na akafutika. Mguu wake wa kushoto haukupungua nguvu kwa safari ya ndege. Kilichobadilika ni mkataba uliokuwa nyuma yake.

Kuna wakati mmoja mambo yalikuwa vingine, na ni ushahidi unaosahaulika upesi. Aprili 2010 EA ilitoa gemu ya pekee ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, nayo ilikuwa na timu za taifa 199. Ya 2014 ilikuwa na 203. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zilikuwamo, na mtu aliweza kuichukua Taifa Stars akaipeleka hadi fainali, jambo ambalo nje ya gemu litahitaji subira. Hili liliwezekana kwa sababu lilihusu mashindano ambayo FIFA ndiyo mwenyewe, na mchujo wake unagusa karibu dunia nzima. Mwaka 2018 gemu ya pekee haikutolewa tena. Yalikuja maboresho ya bure yenye timu 32 zilizofuzu na nyingine chache. Ni haki kuikumbuka FIFA kwa hilo pia: jina lake halikuwa na thamani sokoni kama lilivyodhani, lakini ndilo pekee lililoweza kuwaingiza wadogo wote kwa mkataba mmoja. Kwa vilabu vikubwa vya Ulaya talaka ya 2022 haikubadilisha chochote. Kwa timu za taifa za kwetu ilifunga njia ambayo tayari ilikuwa imeanza kuota nyasi.

Nitaambiwa kwamba soko la Afrika ni dogo, kwamba mashine ya gemu ni ghali, kwamba nakala nyingi huku zimechakachuliwa, na EA haina sababu ya kutafuta Ligi Kuu ya Tanzania wala ya Kenya. Sehemu ya hayo ni kweli. Lakini ligi ya India ilipoingizwa kwenye FIFA 22, na ile ya Australia miaka mingi kabla yake, hazikuingizwa kwa umaarufu wa soka lake. Ni ligi zilizokuwa na ofisi moja yenye mamlaka ya kuuza nembo, jezi na ratiba kwa pamoja. Na mahitaji yapo, tena yanaonekana kwa macho. Kwenye simu za Android vijana wanacheza matoleo ya zamani ya Pro Evolution Soccer yaliyochakachuliwa na kuwekwa jezi za Simba na Yanga, na Dream League Soccer, inayomruhusu mtu kupachika jezi anayoitaka, imewafanya mafundi wasiojulikana kuwa washonaji wa vilabu vyetu. Wanafanya kazi nzuri, na sioni sababu ya kuwafukuza. Ila hakuna shilingi ya kazi hiyo inayofika klabuni wala kwa mchezaji.

Kwamba tunaweza kujipanga kuuza haki, tumekwisha kuonyesha. Mei 2021 Azam Media ilinunua haki za matangazo ya Ligi Kuu ya Tanzania kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6, na iliwezekana kwa sababu ligi iliuzwa kama kitu kimoja badala ya kila klabu kupatana kivyake. Kenya ina chama cha wachezaji, KEFWA, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, kwa hiyo njia ya kukusanya majina na sura za wachezaji haihitaji kubuniwa upya. Kinachotakiwa ni kazi ya kawaida ya ofisini: kila mkataba wa mchezaji useme wazi nani anamiliki taswira yake kwenye gemu na atagawiwa nini ikiuzwa, nembo za vilabu zisajiliwe kisheria, na bodi za ligi zipewe na vilabu idhini ya maandishi ya kuviuza pamoja. Fedha ya mwanzo itakuwa ndogo, pengine haitatosha hata usajili wa beki mmoja. Mashirikisho ya soka ya Tanzania na Kenya, yaani TFF na FKF, pamoja na vilabu vyao, waanze na mikataba ya msimu ujao, na wachezaji wasome kipengele hicho kabla ya kutia sahihi.